Nilivyoufuata Mto Usioonekana Jijini London

Nilikuwa na siku moja tu jijini London, tikiti ya basi la kurudi saa tano na nusu usiku, na viatu ambavyo nilidhani vimekwisha kunizoea. Rafiki niliyepanga kusafiri naye alikuwa amebanwa na mtihani wa marudio, na nauli yangu ilikuwa imekwisha kulipwa na hairudishwi, kwa hiyo niliondoka peke yangu usiku kutoka mji ninakosoma. Nilishuka alfajiri shingo ikiwa imekakamaa kwa kuegemea dirisha, na begi la mgongoni likiwa na mwavuli, chupa ya maji, mkate na daftari.

Kila niliyemwambia kwamba nakwenda London alinipa orodha, na orodha zote zilifanana: kasri la mfalme, saa kubwa ya Bunge, gurudumu linalozunguka kando ya mto Thames, daraja lenye minara miwili. Sina ugomvi na vitu hivyo, lakini nilipovipanga juu ya ramani ya treni za chini ya ardhi niliona kwamba ningeshinda kama fuko, nikizama hapa na kuibuka pale, bila kujua kati ya hapa na pale kuna nini. Ramani ile yenyewe haikusudii kukujulisha. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyeibuni mwaka 1931, ikachapishwa mwaka 1933, alizinyoosha njia zote zikawa mistari ya kulala, ya kusimama na ya mshazari, na umbali halisi akauacha ujitafutie pa kukaa. Ndiyo maana wageni hupanda treni kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, vituo vilivyoachana kwa takriban mita 260, wakapoteza kwenye ngazi na lifti muda mwingi kuliko ambao wangeutumia kutembea.

Mimi nasoma uhandisi wa maji. Katika mwaka wa kwanza, mhadhiri wetu mmoja alitutupia ukutani ramani ya London aliyoichora mistari ya buluu mahali pasipoonekana maji yoyote: Fleet, Tyburn, Walbrook, Westbourne, Effra. Alisema kwamba hiyo ni mito, kwamba yote inatiririka hadi leo na yote imefunikwa, kisha akaendelea na somo la mabomba. Mimi sikuendelea naye. Nilibaki kwenye mstari mmoja, ule wa Fleet, ulioanzia vilima vya kaskazini na kushuka hadi Thames penye daraja la Blackfriars. Nilipoupima kwenye simu usiku ule, niliona kwamba ukiufuata kwa barabara zilizo juu yake unapata kama kilomita nane. Kwa mtu anayekwenda mahali, hiyo si safari ya kutwa. Kwa mtu asiye na anakokwenda, inatosha kabisa.

Basi saa moja na nusu asubuhi, katikati ya Oktoba 2023, nilishuka treni kituo cha Gospel Oak, treni ambayo ndiyo chombo cha mwisho nilichojiruhusu kukipanda hadi usiku, nikaanza kukwea Parliament Hill. Kilima hiki kina urefu wa mita 98 tu juu ya usawa wa bahari, lakini London ni jiji la bondeni na mita 98 zinatosha kuliweka lote miguuni pako. Manyunyu yalikuwa yakianza. Mbele yangu palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kuba la kanisa kuu la St Paul's likiwa dogo kama kifuniko cha sufuria, na pembeni yake minara ya vioo. Kuba hilo halikuachwa wazi kwa bahati: kanuni za mipango miji zinalinda mandhari kadhaa za St Paul's, na kilima hiki ni mojawapo ya mahali ambapo mstari wa macho hauruhusiwi kuzibwa. Nilijiwekea kuba lile kuwa alama yangu, kwa kuwa nilijua mto unaishia karibu nalo.

Chemchemi sikuikuta kama inavyochorwa vitabuni, maji yakibubujika mwambani. Sehemu za juu za Hampstead Heath, uwanda wa miti na majani wenye ukubwa wa takriban hekta 320, ni mchanga, na chini ya mchanga kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi. Mvua huzama mchangani taratibu, ikifika kwenye mfinyanzi hukosa pa kwenda, ikajitokeza ubavuni mwa kilima. Kwa hiyo mto unaanza kama unyevunyevu tu: majani mabichi kupita wenzake, tope jeusi, kimchirizi kati ya mizizi ambacho hujui kama ni maji ya jana au ya miaka mia tatu. Nilizunguka nikiinama kama aliyeangusha pete. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kunitazama, nami nikaona heri nimuulize kuliko kuendelea kuonekana mwenda wazimu. Nilimuuliza kama anajua mto Fleet unaanzia wapi.

“Mwanangu,” alisema, akinionyesha mguu wangu wa kushoto uliokuwa umezama hadi kwenye kamba za kiatu, “si ndio huo umeukanyaga.”

Kiatu hicho hakikukauka tena siku ile.

Mto una matawi mawili yanayoanzia pande mbili za kilima, moja upande wa Hampstead na jingine upande wa Highgate, na mimi nililifuata la Highgate kwa sababu ndilo lililokuwa limekwisha kuingia kiatuni. Kijito hicho hakikupewa nafasi ya kuwa kijito. Tangu mwishoni mwa karne ya 17 watu walianza kuyapiga matuta maji ya vilima hivi ili kulipatia jiji maji ya matumizi, na leo yamekuwa mlolongo wa mabwawa yanayoshushana ngazi kwa ngazi. Watu huogelea humo, wanaume katika bwawa lao na wanawake katika lao, na asubuhi ile ya kutetemeka niliona vichwa viwili vya wazee vikielea katikati ya maji ya rangi ya chai vikizungumza kama walio barazani. Matuta yenyewe yaliimarishwa katika mradi uliokamilika mwaka 2016, kwa hofu kwamba mvua isiyo ya kawaida ingeyapasua na kuyamwaga maji juu ya nyumba zilizo chini. Niliyakagua kwa macho ya mwanafunzi anayejifanya mhandisi, nikipima mteremko kwa kidole gumba, na nikashukuru kwamba hakuna mwenzangu wa kuniambia twende.

Chini ya tuta la bwawa la mwisho nilizunguka mara mbili nikitafuta mahali maji yanapotokea upande wa pili. Hayatokei. Yanaingia kwenye tundu la zege lenye vyuma, na baada ya hapo kuna uzio, njia ya lami, nyumba za matofali na magari yaliyoegeshwa. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo, lakini kujua kitu ukiwa darasani na kukiona kikikatika mbele ya macho yako ni mambo mawili. Tangu hapo nilibaki na kanuni moja tu niliyojitungia, kwamba maji hayapandi mlima. Mguu wangu ukianza kupanda, basi nimeuacha mto, nirudi nyuma.

Kentish Town niliipita upesi. Kuna kichochoro kinachoitwa Anglers Lane, yaani njia ya wavuvi wa ndoana, na hakuna aliyewahi kuvua samaki kwenye lami, kwa hiyo nilijua kwamba bado niko sawa. Baadaye nilitambua kwamba majina ndiyo yanayosema ukweli katika jiji hili kuliko majengo, maana majengo hubomolewa na jina hubaki limening'inia ukutani, halina habari kwamba lilichokuwa likikitaja kimeondoka.

Camden nako sikukaa. Ilikuwa Jumamosi, umati umefurika, na anayetembea peke yake na begi mgongoni kwenye umati wa namna ile hushinda akijipapasa mifuko badala ya kutazama. Nilichokipenda ni mfereji wa Regent's Canal, uliofunguliwa mwaka 1820, ambao unakatiza hapo kwa maji yaliyotulia, mashua zake nyembamba zikiwa zimefungwa kandokando. Watalii walikuwa wakiupiga picha. Chini yake, gizani, Fleet ulikuwa ukipita bila ya yeyote kuutazama: maji yaliyochimbwa na watu yameachiwa jua, na yaliyochimba bonde yenyewe yametiwa bombani. Niliona jambo hilo kama dhuluma, kisha nikajicheka, kwani hata mto wenyewe haujalalamika.

Mvua ilikaza nilipofika kanisa la kale la St Pancras, na hapo nililazimika kupumzika kwa sababu lengelenge lilikwisha kuota kwenye kisigino cha mguu ule uliolowa. Kanisa liko juu ya kiinuko kidogo, na zamani mto ulipita chini yake. Nilikaa chini ya mti, nikafunga kisigino kwa plasta na kula nusu ya mkate. Kuna jambo moja ambalo wanaosifia safari za peke yako hawalisemi, nalo ni kwamba unapokula peke yako mahali pa hadhara, hujui macho uyaweke wapi. Niliyaweka kwenye kaburi lililokuwa mbele yangu. Lilikuwa la msanifu majengo John Soane, aliyefariki mwaka 1837, na lina kifuniko cha jiwe chenye umbo la kuba lililobonyezwa kwa pembe nne. Nililikodolea macho muda mrefu nikijiuliza nimeliona wapi. Lilinijia wakati nafungua chupa ya maji: ni paa la kibanda chekundu cha simu, kile kilichomo katika kila kadi ya posta ya London. Inasemekana kwamba Giles Gilbert Scott, aliyebuni kibanda hicho katika miaka ya 1920, alilichukua wazo hilo hapa hapa.

Katika viwanja hivyo hivyo kuna mawe ya makaburi yaliyopangwa kwa duara, yakiwa yamebanana kama vitabu kwenye rafu, na katikati yake uliota mti uliojipatia umaarufu hadi ulipoanguka Desemba 2022, miezi kumi kabla sijafika. Mawe yanatokana na reli. Katika miaka ya 1860 kampuni ya reli ilipopitisha njia yake hapo, maelfu ya wafu walifukuliwa kuipisha. Kituo cha St Pancras, kilichofunguliwa mwaka 1868, ndiko njia hiyo ilikoelekea, na kwa kuwa treni zilipaswa kuvuka juu ya Regent's Canal, ziliingia kituoni zikiwa juu kuliko barabara, hivyo chini ya majukwaa pakabaki ghala kubwa lenye nguzo za chuma. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilipimwa kwa mapipa ya bia, kwa sababu bia ndiyo iliyokuwa ikihifadhiwa humo. Leo abiria wa treni za kwenda Paris hupanga foleni kati ya nguzo hizo hizo. Nilisimama hapo nikihesabu hatua kutoka nguzo hadi nguzo hadi mlinzi akaniuliza kama nina treni, nikasema sina, akaniambia kwa upole kwamba mlango wa kutokea ni ule.

Nje ya kituo cha King's Cross simu yangu ilizimika. Ilikuwa imebakiwa na chaji nusu, lakini simu hii ina tabia ya kukata roho baridi inapozidi, na waya wa kuchajia nilikuwa nimeusahau mezani. Nakiri kwamba niliogopa. Mtu akiwa na mwenzake, kuzimika kwa simu ni mzaha. Akiwa peke yake katika jiji la watu karibu milioni tisa, moyo hushtuka kidogo hata kama ni saa saba mchana na polisi wawili wamesimama mita kumi mbele yake. Niliondoka kwa haraka ya kujifanya najua niendako, nikachukua barabara ya kwanza iliyonijia, na nilikuwa nimekwenda dakika kumi nzima kabla mapaja hayajaniambia kile ambacho macho hayakukiona. Nilikuwa nikipanda. Nilikuwa nimeshika njia ya mlimani kuelekea Islington, mgongo nimeupa mto.

Niliporudi chini nilikuta kibao cha ramani za waenda kwa miguu, nguzo nyembamba ya buluu iliyokoza na njano, na hapo nilipata somo la uchoraji wa ramani ambalo sikulitarajia. Vibao hivi, vilivyoanza kujaribiwa jijini mwaka 2007, haviweki kaskazini juu. Vinaweka juu kile kilicho mbele ya uso wako unapokisoma kibao, kwa hiyo kushoto kwenye ramani ni kushoto kwako, na juu yake kumechorwa duara la mahali unapoweza kufika kwa dakika tano za kutembea. Nililitazama duara hilo kwa heshima. Kuna mtu aliyekaa akafikiri kwamba msomaji wake amechoka, hana simu, na hajui kaskazini ni wapi.

King's Cross yenyewe ilikuwa ikiitwa Battle Bridge, kutokana na daraja lililovuka Fleet, kabla ya kupewa jina la msalaba wa mfalme kwa ajili ya mnara wa George IV uliojengwa miaka ya 1830 na kubomolewa mwaka 1845. Ukishaufahamu mto, jina la zamani linaonekana kuwa na akili kuliko la sasa. Na King's Cross Road, inayoshuka kusini kutoka hapo, haina sababu nyingine yoyote ya kupinda inavyopinda. Barabara za jirani zimenyooka. Hii inajikunja kulia, inajikunja kushoto, inapanuka na kubana. Niliitembea katikati ya mikunjo yake nikiwa na uhakika kamili kwa mara ya kwanza tangu mabwawani. Watu waliopakana na mto walijenga nyumba zao kando yake, mto ukafunikwa, nyumba zikavunjwa na nyingine zikajengwa palepale, na mkunjo ukarithiwa na lami.

Nilipita Mount Pleasant, yaani Mlima wa Kupendeza, jina ambalo lilikuwa dhihaka, kwa kuwa palikuwa jalala kando ya mto. Baadaye pakawa kituo kikubwa cha posta, na chini yake kulikuwa na reli ndogo isiyo na dereva iliyosafirisha barua kwa takriban kilomita kumi kati ya mwaka 1927 na 2003. Mara baada ya hapo nilikutana na kitu kilichonifanya nisimame katikati ya njia hadi mwendesha baiskeli akanipigia kengele. Nilikuwa kwenye Warner Street, na juu ya kichwa changu kulikuwa na barabara nyingine. Rosebery Avenue inapita juu kwa daraja, na magari yaliyo huko hayana habari kwamba yamo angani. Ukiwa juu, utaapa kwamba ardhi ni tambarare. Ukiwa chini, unaona kwamba walioijenga Rosebery Avenue mwishoni mwa karne ya 19 walikuta bonde, na bonde halikukubali kufichwa, wakaamua kuliruka.

Kutoka hapo hadi Ray Street ni hatua chache, na hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiisubiri tangu siku ile darasani.

Ray Street ni barabara fupi, iko chini kabisa ya bonde, kona yake ikiwa na baa ya siku nyingi. Mbele ya baa hiyo, katika lami, kuna wavu wa chuma wa kawaida kabisa, wa aina ambayo umeikanyaga mara elfu bila kuitazama. Kingo zake zimesuguliwa na magurudumu hadi zinang'aa. Kwenye mojawapo ya matundu palikuwa na kipisi cha sigara kilichokwama wima, na jani la manjano likitetemeka bila upepo, kwa sababu hewa ilikuwa ikitoka chini. Nilisubiri gari lipite, nikatazama huku na huku, nikapiga magoti.

Mwanzoni nilisikia mvua tu. Kisha lori lililokuwa likinguruma kwenye Farringdon Road likaondoka, na chini ya sauti ya mvua nikaisikia nyingine, nzito na isiyokatika. Haikuwa sauti ya bomba linalovuja, wala ya choo kinachojaa. Ilikuwa sauti ya maji yenye haraka, yanayojigonga kwenye kuta na kugeuka, yakiwa mengi kuliko nilivyodhani. Mvua ya asubuhi ile ilikuwa imekwisha kuteremka na kunikuta. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya uvuguvugu. Nilikuwa nimejiandaa kuziba pua, kwa sababu Fleet ni sehemu ya mfumo wa majitaka, lakini kilichopanda kilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ya jiwe bichi na sabuni. Nilifumba macho. Kwa muda usiopungua dakika mbili sikuwa London wala popote, nilikuwa kando ya mto.

“Umedondosha kitu?”

Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa baa, glasi mkononi. Nilisema hapana, nausikiliza mto. Hakucheka. Aliweka glasi juu ya dirisha, akaja hadi ukingoni mwa njia, akatega sikio bila kuinama.

“Leo una nguvu,” alisema. “Kiangazi huwa unanong'ona tu.” Akaichukua glasi yake akarudi ndani, nami nikabaki na magoti yaliyolowa, nikiwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Kama rafiki yangu angekuwepo ningemvuta mkono, ningemwambia sikiliza, na pengine angesikiliza kwa adabu sekunde kumi. Nilikaa pale robo saa.

Kutoka Ray Street bonde halijifichi tena. Kuna Turnmill Street, jina lililotokana na vinu vilivyozungushwa na maji haya. Kuna kituo cha Farringdon, ambacho kilikuwa mwisho wa reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani, iliyofunguliwa Januari 1863 kutoka Paddington. Waliichimba kando ya mto kwa sababu bondeni ndiko kulikokuwa na nafasi, na mto ukawajibu: Juni 1862, ujenzi ukikaribia kukamilika, mfereji wa Fleet ulipasuka na kuifurika kazi yao. Nilisoma habari hiyo zamani, lakini nikiwa nimesimama kwenye uzio nikiitazama reli iliyo chini na kujua kwamba maji niliyoyasikia dakika chache zilizopita yako jirani nayo hadi sasa, niliielewa kwa tumbo.

Baadaye jiji lilikata shauri la kuliruka bonde hapa pia, kwa gharama na fahari kubwa zaidi. Daraja la Holborn Viaduct, la chuma kilichopakwa rangi nyekundu na kunakshiwa dhahabu, lina sanamu nne za wanawake wanaowakilisha biashara, kilimo, sayansi na sanaa, na lilifunguliwa na Malkia Victoria tarehe 6 Novemba 1869. Nilipanda ngazi zake kwa makusudi, nikiivunja kanuni yangu, ili nitazame kutoka juu. Chini yangu Farringdon Street ilikuwa imejaa taa za mabasi, zote zikielekea upande mmoja, na kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuingia jioni na lami imelowa, taa zilinyooka juu yake kama mwanga juu ya maji. Sehemu hii ilikuwa hori kabla ya kuwa barabara. Neno lenyewe, fleet, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mkono wa maji unaojaa na kupwa, na mashua zilipanda hadi hapa zikileta mizigo. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, msanifu majengo Christopher Wren na wenzake walijaribu kuugeuza mkono huo kuwa mfereji wa fahari wenye gati pande zote mbili. Ulikamilika mwaka 1674, na kwa kuwa wachinjaji wa soko la Smithfield na kila mwenye taka waliujaza, kufikia miaka ya 1730 jiji lilianza kuufunika. Barabara ya Fleet Street, iliyokuwa makao ya magazeti ya Uingereza, ilichukua jina lake kutokana na mto ambao wengi wa waandishi wake hawakuwahi kuuona.

Nilifika Thames karibu saa moja usiku, nikichechemea. Kingo za kaskazini zilikuwa zimezibwa na uzio wa ujenzi wa bomba kuu jipya la majitaka la kilomita 25 lililokuwa likijengwa wakati huo chini ya Thames, kwa hiyo nilivuka daraja la Blackfriars, lililofunguliwa siku moja na Holborn Viaduct, nikashuka ukingo wa kusini kulitazama kutoka chini. Juu ya nguzo zake nene za mawe mekundu kuna ndege waliochongwa, na nilikuwa nimesoma kwamba hawafanani pande mbili: upande wa mashariki, unaoelekea baharini, ni ndege wa bahari, na upande wa magharibi ni ndege wa maji baridi. Nilipita chini ya daraja mara mbili kuhakikisha. Mwanga ulikuwa haba, lakini tofauti niliiona. Maji yalikuwa yakijaa. Mto mzima, upana wote ule, ulikuwa ukirudi juu kuelekea ndege wa maji baridi, ukibeba kipande cha ubao na chupa ya plastiki.

Nilitazama upande wa pili, chini ya daraja, mahali mdomo wa Fleet ulipo. Sikuona kitu, na sababu yake naijua vizuri kwani nimeifanyia mtihani. Kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Thames ulizidi hadi mapazia ya Bunge yakaloweshwa klorini ya chokaa ili wabunge waweze kukaa, na baada ya hapo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa yanayokwenda sambamba na Thames, ambayo kazi yake ni kukinga kila mfereji na kila mto uliozikwa kabla haujafika na kuupeleka mashariki hadi Beckton. Wakati huo, ni pale tu mvua ilipoyazidi nguvu mabomba hayo ndipo Fleet ulipopita na kumwagika. Maji niliyoyakanyaga asubuhi na kuyasikia mchana yalikuwa yamenifuata hadi karibu na mwisho, kisha yakakunja kushoto gizani, na huenda saa ile yalikuwa maili kadhaa kutoka pale niliposimama nikiyasubiri.

Nilitembea hadi kituo cha mabasi polepole, nikifuata ukingo. Ndani ya basi nilivua kiatu cha kushoto, nikakikung'uta, na tope la Hampstead likadondoka sakafuni, bado bichi.